Kumtafuta Bibi Aaltje

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimeamua kuwa mtu mashuhuri. Nimeanza mara tu baada ya kifungua kinywa.

Sababu ni hii. Jarida la Chama cha Wapenda Miti cha Oldermeeden limeleta barua ya Dokta Hilde Roosjen, bingwa wa miti. Anamtafuta Bibi Aaltje. Si mtu. Ni mti! Mwelmu chotara, uliozaliwa hapa hapa kijijini zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita, katika bustani ya miche ya mzee Berend Wildervanck. Mzee alioanisha mwelmu wa milimani wenye majani mapana na mwelmu wa mashambani wenye majani madogo, kisha mtoto aliyepatikana akampa jina la mkewe. Majani kijani juu, meupe chini kama maziwa. Halafu ukaja ule ugonjwa wa mielmu, ukafagia. Wa mwisho kujulikana ulikatwa mwaka 1947. Tangu hapo, kimya. Atakayeuona, anaandika Dokta, atawekewa kibao cha shaba na jina lake juu yake.

Kibao! Cha shaba! EELKE DIJKEMA, herufi za kuchonga. Miaka thelathini na nne nimekuwa mtunza majengo wa shule, na siku ya kustaafu nikapewa mwavuli.

Nimemwambia Geeske. Mke wangu hakuinua macho kutoka kwenye supu yake ya haradali. Kasema mti uliopotea miaka sitini na saba haukuwa unanisubiri mimi. Nikamwambia mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Kaniuliza basi miwani yangu iko wapi.

Ilikuwa kichwani.

Taabu ni moja tu: Trijntje Bonnema. Jirani yangu ng'ambo ya mfereji, na mwenyekiti wa chama. Kila shindano la kijiji anashinda yeye. Maboga, yeye. Waridi, yeye. Mwaka jana hata sanamu za kutishia ndege kashinda yeye, na mimi sikuwa nimeleta sanamu. Nilikuwa nimesimama tu natazama. Majaji wakanipa nafasi ya tatu.

Safari hii hapana.

Jumanne, 3 Juni

Nimezunguka kijiji kizima kwa baiskeli. Mielmu kumi na minane. Kijani juu, kijani chini. Basi. Kama Bibi Aaltje hapatikani, atatengenezwa.

Mwelmu wa uwanja wa kanisa una tawi linaloning'inia mpaka kifuani mwangu. Vifaa: ndoo ya chokaa, na brashi ndogo ya Geeske ya kupakia yai kwenye mikate. Muda: saa sita mchana kamili, Oldermeeden nzima ikiwa mezani na viazi vyake. Majani mia mbili na kumi na manne, upande wa chini tu. Kazi safi! Nikarudi nyuma hatua tano nitazame. Nakiri, mwili ulinisisimka. Kwa muda kidogo niliuamini uongo wangu mwenyewe.

Trijntje akatokea na baiskeli. Huyu hali chakula cha mchana? Kauliza nafanya nini na brashi ya mikate. Nikasema nautibu mti. Kauliza ugonjwa gani. Nikasema wadudu. Kacheka mpaka kengele ya baiskeli ikalia yenyewe.

“Jipake na wewe basi, jirani,” kasema. “Huenda wakakutoka wa kichwani.”

Mtu mashuhuri hajibu kila mtu. Nimempigia simu Dokta. Anakuja keshokutwa.

Jumatano, 4 Juni

Mvua. Tangu alfajiri.

Kwa saa tatu nzima nimelishikia mwavuli lile tawi. Upepo ukaugeuza mwavuli ndani nje. Chokaa yote ikashuka juu ya kaburi la marehemu mkaguzi wa shule, jiwe jeusi la kung'aa. Sasa lina mabaka kama ng'ombe wetu. Mchungaji alipita, akalitazama kaburi, akanitazama mimi, akasema anaona naomboleza kwa namna yangu.

Yamebaki majani tisa meupe. Tisa si haba.

Alhamisi, 5 Juni

Dokta amefika. Miaka sabini na miwili, fimbo mkononi, viatu vya kiume vyenye matope ya mikoa mitatu. Akachuma jani. Akalipitisha kidole gumba. Akakitazama kidole.

Kasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniua, kwamba kwa miaka thelathini na moja ameshaonyeshwa majani yaliyopakwa unga, majani yaliyopigwa pasi, na moja lililobandikwa karatasi ya sigara. Langu ni la pili kwa ubora.

Nikamwuliza la kwanza lilikuwa la nani. Mjinga mimi, kwa swali hilo nimekiri mwenyewe!

Geeske akamkaribisha kahawa. Biskuti moja moja, kisha kopo likafungwa, kama ilivyo desturi. Hapo ndipo Dokta alipotusimulia. Ule mti wa mwaka 1947 aliukata baba yake. Yeye alikuwa na miaka mitano, amekaa juu ya lango. Baba ananoa msumeno. Ukaja upepo, na mti wote, kutoka chini mpaka juu, ukageuka mweupe. Akakimbia ndani kumwambia mama yake kwamba mti unaogopa. Baba akaukata, amri ni amri. Kisha akakaa juu ya kisiki mpaka chakula kikapoa mezani, na hakuna aliyethubutu kwenda kumwita.

“Nataka kujua jambo moja tu kabla sijafa,” kasema. “Kama kweli ulikuwa mweupe vile. Au ni macho ya mtoto.”

Geeske akalifungua kopo la biskuti mara ya pili. Miaka thelathini ya ndoa, sijawahi kuona.

Nilijisikia vibaya sana. Kama dakika kumi. Ndipo Trijntje akabisha hodi na kumwalika Dokta kwake Jumamosi, sikukuu ya Pentekoste ikianza, eti ana kitu cha kumwonyesha. Kitu gani? Chokaa bora kuliko yangu? Mwizi humjua mwizi mwenzake. Anaficha jambo nyuma ya lile banda lake la ng'ombe.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika nikiwa nimejifunika mablanketi mawili. Lazima niandike kwa utaratibu.

Nyuma ya banda la Trijntje kuna safu ya miti ya mipopla, ile yenye majani meupe chini. Kijiji kizima kinaijua na hakuna anayeitazama. Mimi mwenyewe sijafika huko miaka ishirini na sita, tangu tulipogombana juu ya bata. Leo nikaamua kwenda kupeleleza, kwa kuruka mfereji na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, kama tulivyoruka utotoni. Unakimbia, unachomeka upondo katikati ya maji, unapaa, unatua ng'ambo. Kitu rahisi.

Nikakimbia. Nikachomeka. Nikapaa. Upondo ukazama kwenye tope na kusimama wima, nami juu yake kama bendera ya manispaa. Haukwenda mbele. Haukurudi nyuma. Kisha polepole, kwa heshima zote, ukalala.

Nikaanguka chali majini. Tope laini likanibeba mgongo, maji yakaishia kifuani. Nikafumbua macho.

Upepo ulikuja kutoka baharini. Niliusikia kabla ya kuuona: ulivuka tuta la kuzuia bahari, ukalaza nyasi, ukafika kwenye mipopla. Sita ikatetemeka kama kawaida yake, kila jani na pupa yake. Wa saba haukutetemeka. Wa saba uligeuka. Wote kwa pamoja, kutoka matawi ya chini kwenda kileleni, kama mwanamke avuaye koti la kijani na kumbe ndani kavaa gauni la harusi. Mweupe. Mweupe wa kukukata pumzi. Ukabaki hivyo kwa muda wa kuhesabu mpaka nne, mkubwa kuliko kanisa, kimya. Upepo ukapita. Ukawa kijani tena, kana kwamba hapakuwa na kitu.

Sijui nililala pale muda gani. Bata walikuwa wameshanizoea.

Nikapanda ukingo wa pili kwa magoti. Nikachuma jani. Upande mmoja umeshuka chini kuliko mwenzake pale penye kikonyo, kama kola iliyofungwa vibaya. Juu linakwaruza kama ulimi wa paka. Mwelmu huo, si mpopla! Nikapitisha kidole gumba upande wa chini. Kidole kikatoka kisafi.

Nikavua kofia. Hakukuwa na mtu wa kumvulia. Nilivua tu.

Ndipo akili ikanirudia. Uko upande wa Trijntje! Hatua kumi na mbili kutoka mfereji. Mungu amekosea hatua kumi na mbili.

Nikiwa narudi, maji yakinichuruzika, nikaona kitu upande wangu wa ukingo. Chipukizi. Linafika kiunoni, limetoka kwenye mzizi uliopita chini ya mfereji. Jani la mwelmu. Ardhi ya Dijkema.

Sikulala mchana wala sikula. Nimeshachagua aina ya skrubu za kibao.

Jumamosi, 7 Juni

Nilimdaka Dokta langoni kabla hajafika kwa Trijntje. Nikampeleka moja kwa moja kwenye chipukizi. Nikanyoosha mkono kama meya anayezindua daraja.

Akainama kwa shida. Akageuza jani. Kijani juu, kijani chini.

Akanieleza kwamba mti wa namna ile haupandwi kwa mbegu. Fundi huchukua kijiti chake na kukibebesha juu ya shina la mwelmu wa kawaida. Kwa hiyo kinachochipuka mzizini ni mtoto wa lile shina la chini, si wa mti wenyewe. Akaninyooshea fimbo.

“Umenionyesha miguu, Bwana Dijkema. Kichwa kiko wapi?”

Sikusema neno. Naapa. Macho yangu ndiyo yaliyonisaliti, yalikwenda yenyewe nyuma ya banda. Na upepo, ambao haujawahi kunisaidia hata kuanika soksi, ukaja.

Dokta Roosjen akakaa kwenye nyasi mbichi. Si kuanguka. Kukaa, kama mtoto akaavyo. Mti ukageuka, ukarudi. Ukageuka tena. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

“Hayakuwa macho ya mtoto,” kasema.

Nami nimesimama, sijui niweke wapi mikono yangu.

Trijntje akatoka na taulo ya jikoni, akapaza sauti kuuliza nani kafa. Tukamwonyesha. Kasema, “Huo? Huo mpopla wa babu! Kila mwaka unaniziba mfereji wa paa. Nimeshamwambia fundi wa msumeno aje vuli.” Dokta akamweleza. Trijntje akaiweka ile taulo mdomoni, akakaa nayo hivyo hivyo. Kumbe kitu alichotaka kumwonyesha Dokta kilikuwa keki.

Nikaona nafasi yangu. Nikasema nimeuona mimi kwanza. Trijntje kauliza nikiwa wapi. Nikasema mferejini. Kauliza mfereji wa nani. Nikasema nusu wangu.

“Nyamazeni wote wawili,” kasema Dokta.

Alikuwa anaelekeza fimbo juu, karibu na kilele. Tawi moja. Majani ya manjano, yamejikunja, yamening'inia kama matambara. Akaniagiza nichukue ngazi nikate kipande. Ndani ya mti, chini kidogo ya gome, duara la vidoa vya kahawia.

Ugonjwa. Ule ule! Mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, na ukungu mgongoni mwake. Miaka yote hii mipopla imemficha Bibi Aaltje, na mdudu kampata mwezi huu huu tuliompata sisi.

Nikapendekeza tukae kimya. Nani atajua? Dokta akasema aliyekaa kimya kwa ajili ya mti mmoja huibakiza kata nzima na visiki. Akapiga simu manispaa palepale. Watakuja kuukata Jumanne, kwa kuwa Jumatatu ni sikukuu.

Tuna siku mbili za kuchuma vijiti vya kuotesha.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Saa kumi na mbili asubuhi, umande bado. Mchungaji atatusamehe. Ngazi yangu na ngazi ya Trijntje zimefungwa pamoja. Dokta juu ya kiti cha jikoni, anaamrisha kwa fimbo: upande wa mashariki tu, ambako ugonjwa haujafika. Machipukizi ya mwaka huu tu, urefu wa kiganja na kidole. Geeske na magazeti yaliyolowa maji. Trijntje kashika ngazi.

Nikamwambia aishike vizuri. Kasema amengoja nafasi hii miaka ishirini na sita.

Nikapanda. Sipendi vitu virefu. Hata kwenye kiti cha shule nilikuwa nabadilisha balbu nimefumba macho. Nikafika kwenye matawi na nyumba ikapotea, na banda, na sauti ya Trijntje, ambayo si rahisi kupotea. Nikakata. Nikashusha kikapu kwa kamba. Nikakata tena.

Kisha upepo. Safari hii sikuwa chini nautazama. Nilikuwa ndani. Majani elfu na elfu yakageuka kunizunguka, na mwanga ukabadilika, kijani ukawa fedha, mikono yangu mwenyewe ikawa myeupe. Mti ukatoa sauti kama watu wengi wanaovuta pumzi kabla ya kuimba. Nikalikumbatia shina. Si kwa woga. Labda kidogo kwa woga. Nilijiona mdogo, na sikuchukia. Watu waliozaliwa na kuzikwa hapa wamepita chini ya mti huu na ndoo zao za maziwa, na umewageukia wote, wawe wametazama au hawakutazama.

Nilikisahau kibao. Naandika kwa uaminifu: dakika mbili nzima.

Halafu nikakikumbuka. Vijiti arobaini kwa Dokta. Cha arobaini na moja, mfuko wa nyuma wa suruali. Aaltje wangu binafsi, ardhi ya Dijkema! Nikashuka nikipigiwa makofi. Hata Trijntje alipiga, mara mbili. Nikakaribishwa kahawa na keki.

Nikakaa.

Nilisikia kikivunjika. Wote walisikia. Geeske akaniuliza kama ni mgongo. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 10 Juni

Wamekuja na msumeno na gari la kusagia matawi. Hawaachi hata ganda, kwa sababu ya wale wadudu. Kijiji kizima kimefika, watu ambao maisha yao yote hawajawahi kuutazama. Na bado haukuwa ukifanya lolote, maana hakukuwa na upepo.

Msimamizi akawasha msumeno. Dokta akamwendea, akamwomba asubiri. Kauliza asubiri nini. Kasema, upepo.

Yule mtu akamtazama huyu bibi na fimbo yake. Akazima.

Tulisimama dakika saba. Watu themanini, vichwa juu. Ng'ombe wa Trijntje wakasogea kwenye uzio na kutazama walikotazama watu. Kisha nyasi za tutani zikalala, na nikasikia mama mmoja nyuma yangu akisema taratibu, “Unakuja.”

Ukaja. Ukageuka wote, jua likiwa juu yake, na tawi lile moja bovu tu ndilo lililobaki la manjano. Wanaume wakavua kofia. Msimamizi wa msumeno naye akavua, ile ngumu ya kazini. Kisha ukarudi kijani.

Dokta akatikisa kichwa kukubali.

Kilichofuata kilichukua saa moja tu. Nimehesabu maduara ya kisiki mara mbili: mia moja ishirini na tisa. Trijntje alikuwa analia waziwazi, mikono chini. Nikampa leso yangu. Akaipokea bila kunisema. Ni mara ya kwanza, nami sikufurahi hata kidogo, jambo lililonishangaza.

Jua limeingia jikoni kwetu kupitia dirisha ambalo halijawahi kupata jua. Geeske akavuta pazia.

Jumamosi, 12 Julai

Dokta kapiga simu. Kati ya vijiti arobaini, saba vimetoa mizizi. Saba!

Nikaenda na Trijntje kwa gari lake, saa mbili za safari na pipi za lakrisi, hakuna aliyetaja bata. Kibanda cha vioo, joto, ukungu wa maji hewani. Vyungu saba. Vijiti kama penseli, kila kimoja na majani mawili matatu mapya, madogo kuliko ukucha. Dokta kasema, pulizeni. Nikapiga magoti nikapuliza. Jani likageuka. Jeupe! Trijntje akapiga magoti akapuliza lake. Dokta akaegemeza fimbo yake ukutani, akashuka chini naye. Wazee watatu sakafuni, tunapuliza vyungu kwa zamu, tunacheka, tunafuta macho. Sijawahi kuona kitu kidogo hivyo kilichonifanya nishushe sauti.

Kimoja kitarudi Oldermeeden na kupandwa nyuma ya banda. Kitafika kimo cha kanisa wakati sisi sote tuko chini ya mawe yetu. Dokta kasema hatuupandi mti kwa ajili yetu wenyewe. Nimekubali kwa moyo wangu wote. Kweli kabisa.

Kisha akatuonyesha karatasi ya kibao. Majina mawili, kwa kufuata alfabeti.

Bonnema. Dijkema.

Trijntje hakusema neno njia nzima. Alikuwa anaimba tu, bila maneno, kuanzia kibanda cha vioo mpaka mlangoni kwangu.

Nimemwuliza Geeske jina la ukoo wa baba yake linaandikwaje. Abbring. A, kisha B, na B nyingine! Sheria inamruhusu mume kutumia jina la mkewe. Fomu moja tu. Ofisi ya manispaa inafunguliwa Jumatatu saa tatu asubuhi.

Geeske kaendelea kufuma. Halafu, bila kuinua macho, kasema mama yake Trijntje alikuwa wa ukoo wa Aalders.

Nitakuwa mlangoni mwa manispaa saa moja.